Adui asiye na wimbo

Jumapili ya juzi nilikua Tabata kwa mdogo wangu, mvua ya kutwa nzima, hakuna pa kwenda, af mtoto wake (ana miaka sita, humu nitamwita Kidoti) akaniletea rimoti akasema anko niwekee katuni. Nikasema leo nakuwekea ya kizamani, nikachomeka laptopu kwenye TV nikaweka Cinderella, ile yenyewe ya Disney ya mwaka 1950. Nilijua atachoka mapema maana haina makelele kama katuni za siku hizi. Wala. Ilipofika pale yule mama wa kambo anapanda ngazi pole pole kwenda kumfungia Cinderella chumbani, Kidoti akavua ndala akairusha. Mungu saidia ikagonga stendi, kioo kikapona. Mama yake akapaza sauti toka jikoni, "We! Nini hicho?" na mtoto bila wasiwasi, "Nampiga huyu mama!"

Sasa mi nikabaki nawaza, yani ndala ikiwa bado iko chini ya TV mi nawaza. Huyu mtoto ameshaona majoka, mazimwi, mashetani ya kila rangi kwenye simu ya mama yake na hajawahi kurusha kitu. Scar wa Lion King anamuua kaka yake mchana kweupe na Kidoti anamwangalia hivi hivi huku anakula ubuyu. Leo mama mtu mzima, hana upanga, hana uchawi, hana hata sauti ya juu, ana ufunguo tu mkononi, ndo karushiwa ndala.

Sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua muvi ina watu wawili tu, steringi na adui, wengine wote ni wapita njia. Steringi hafi. Adui anakufa dakika za mwisho, na akifa mapema basi huyo hakua adui mwenyewe, bosi wake bado yuko ndani anavuta sigara. Ila kuna kitu tulikua tunakijua bila kukisema. Mkitoka pale kibandani njiani mnaigiza, na kuna maadui mnagombania, mi ndo yule wa jicho moja, hapana jana ulikua wewe leo zamu yangu. Af kuna adui mwingine hakuna anayetaka kuwa yeye. Mnamruka kabisa, au anapewa yule mtoto mdogo aliyewafata nyuma, nae analia anarudi kwao. Hicho ndo kipimo changu mpaka leo, mtu akiniambia adui fulani anachukiza najiuliza, je watoto wangegombania kuwa yeye?

Scar wangemgombania. Ametoka 1994, sauti ya Jeremy Irons, mchoraji mkuu wake Andreas Deja, jamaa huyo huyo aliyesimamia maadui wengine wa Disney, Gaston na Jafar, na ukiangalia vizuri unaona kabisa mtu amechora kwa raha. Manyoya yamelala, mwendo wa maringo, kucha zimetokeza kila saa. Na amepewa wimbo! Fisi wanapita mbele yake wamenyoosha miguu kama gwaride la wanazi, na watengenezaji wenyewe walisema picha za gwaride hizo ndo waliziangalia. Huo ni ubaya, sawa, lakini ni ubaya umevalishwa suti. (Halafu sisi na ile muvi tuna mambo yetu, fisi anaitwa Shenzi, hebu fikiria kibanda kizima cha watoto wa Kiswahili wanasikia mzungu anaita fisi "Shenzi" kwa heshima zote kama jina la ubatizo, tulicheka mpaka mwenye kibanda akazima.) Kwahiyo Scar unamchukia kwa adabu. Unataka ashindwe lakini unataka aongee tena kidogo kwanza.

Mama wa kambo wa Cinderella, Lady Tremaine, hana wimbo. Nenda kaangalie. Binti yake Drizella anaimba, yule mwingine anapuliza filimbi, yeye anawapigia kinanda tu. Panya wanaimba, ndege wanaimba, yule bibi wa uchawi mzuri anaimba, yeye hapewi hata ubeti mmoja. Sijui kama walipanga au ilitokea tu, ila mi naona hapo ndo siri ilipo. Wimbo unamfanya adui awe mgeni wetu, tukimsikiliza akiimba tunakua upande wake dakika tatu. Yeye hawakumpa hizo dakika tatu.

Aliyempa sauti anaitwa Eleanor Audley, na sio sauti tu, alisimama mbele ya kamera akaigiza ili wachoraji wapate kuona mwili unavyokwenda, maana muvi ile karibu yote waliipiga kwanza na watu wa kweli, studio ilikua na madeni baada ya vita hawakutaka kuchora kitu mara mbili. Mchoraji wake Frank Thomas. Na kile alichofanya ni kumnyima mwendo. Wengine wote mule ndani wanaruka wanajigonga wanaanguka, paka anakimbizana na panya, mabinti wanapigana, yule mama ametulia tuli. Mara ya kwanza Cinderella anaitwa chumbani kwa mama wa kambo, mama yuko kitandani gizani, unaona macho tu, na anashughulika na chai yake. Anamimina. Anakoroga. Af ndo anaanza kutaja kazi, zulia la ukumbi mkubwa, madirisha ya juu na ya chini, mapazia, hata zile ulizofanya jana rudia, na mwisho kabisa, kama vile kakumbuka tu, paka nae aogeshwe. Mtu anakoroga chai huku anakuangamiza! Hakuna hata neno moja pale ambalo ungeenda kulishtakia kwa mjumbe.

Na ile "kama" yake. Cinderella anaomba kwenda kwenye dansi ya mfalme, mama anasema utaenda, kwanini usiende, kama utamaliza kazi zako zote na kama utapata nguo ya kufaa. Mtoto anaondoka anafurahi. Mabinti wanamjia juu, mama umesema nini wewe, nae anatulia anawajibu, nimesema "kama".

Hapo mi niliwahi kusimamisha ile muvi nikatoka nje kupunga upepo. Sio utani.

Nikiwa darasa la tano nilikaa mwaka na nusu hivi kwenye nyumba moja Morogoro, nyumba ya ndugu, simtaji na anayejua anyamaze. Kulikua na TV ya ndani ya kabati, zile za zamani za milango miwili ya mbao, na kabati lina kitasa, na ufunguo mwenye nyumba anaufunga kwenye pindo la kanga yake. Jioni nikiuliza mama leo tutaangalia? anajibu vizuri kabisa, anatabasamu, "Utaangalia baba, si ukimaliza vyombo. Na kama umeme upo. Na kama sijalala." Nilikua naosha vyombo kama mtu anakimbizwa. Nikimaliza narudi sebuleni mikono inatiririka maji, namkuta amelala kwenye kochi, fundo la ufunguo liko chini ya ubavu. Sikua na uhakika kama amelala kweli mpaka siku moja nikaona kidole cha mguu kinafata mpigo wa redio ya jirani.

Hakunipiga hata siku moja. Chakula nilikula. Na hilo ndo lilikua gumu, maana nikirudi nyumbani likizo mama mzazi ananiuliza wanakutesa? nakosa cha kusema. Nitasema nini, kwamba anasema "kama"? Sikua na kovu la kuonyesha.

Ndo maana ile ya gauni inaniuma kuliko vifo vyote vya katuni. Panya na ndege wamemrekebishia Cinderella gauni la zamani la marehemu mama yake, wakaongezea vitu ambavyo mabinti walivitupa, ushanga na mkanda wa kitambaa. Anashuka ngazi amependeza, kazi zote kamaliza, masharti yote mawili katimiza. Mama hamgusi. Anamsogelea, anaunyanyua ule ushanga kwa kidole, anausifia, anamuuliza Drizella unaonaje. Basi. Wale wasichana wanafanya wenyewe, wanachana kila kitu mtoto anabaki na matambara, na mama akiona imetosha ndo anawaambia wanangu basi jamani, msijichoshe roho, twendeni. Na anaaga! Usiku mwema. Mikono yake safi.

Nimefikiria sana hili na jibu langu ni kwamba adui wa kuchukiwa hana nguvu, ana ruhusa. Mwenye nguvu tunamuogopa, na mtu unayemuogopa kuna kaheshima kidogo kanabaki, unasema jamaa ni noma. Huyu mwingine ukimnyang'anya nyumba, cheo, karatasi, mhuri, ufunguo, anabaki mtu mdogo sana hata Kidoti angemweza. Kinachomlinda ni kwamba kila anachofanya kimeruhusiwa.

Chukua Frollo wa ile The Hunchback of Notre Dame ya 1996. Kwenye kitabu cha Victor Hugo cha 1831 Frollo ni mtu wa kanisa, Disney wakamfanya hakimu. Wakampa ruhusa kubwa kuliko zote mjini Paris. Na huyu amepewa wimbo, najua mtaniambia, mbona Frollo ana wimbo na bado tunamchukia, ndiyo, ila sikiliza anaimba nini. Yuko mbele ya moto anamtamani msichana wa watu na anasema sio kosa langu, ni kosa la yule binti, ni kosa la Mungu aliyempa shetani nguvu, na nyuma yake kwaya inaitikia kwa Kilatini, ni kosa langu, ni kosa langu. Wimbo mzima unamsuta. Kwahiyo haumsaidii, unamzika.

Upande wa anime sasa, katuni za Kijapani. Mtu yeyote aliyeangalia Fullmetal Alchemist ukimtajia Shou Tucker uso unabadilika. Kwenye toleo la 2009 ni episodi ya nne tu! Hujazoea hata majina ya watu. Tucker ni baba mpole, miwani, nyumba imejaa vitabu, ana binti mdogo anaitwa Nina mwenye nywele mbili za kusuka na limbwa likubwa jeupe, na ana leseni ya serikali ya mambo ya alkemia (ile elimu ya kugeuza kitu kiwe kingine) ambayo kila mwaka lazima aonyeshe kazi mpya la sivyo anaipoteza. Alipata leseni miaka miwili nyuma kwa kutengeneza mnyama wa kuunganisha viumbe tofauti kuwa kimoja, tena anayeongea. Mnyama yule aliongea neno moja tu, kwamba anataka kufa, akagoma kula mpaka akafa kweli. Na mke wa Tucker "aliondoka" miaka miwili nyuma. Mnaona hesabu inavyokuja.

Siku ya mwisho anawaita Edward na mdogo wake Alphonse, ndo masteringi wenyewe, waje waone kazi yake mpya, mnyama kakaa chini ana nywele ndefu, anarudia maneno anayofundishwa, Ed-ward, Ed-ward, af anaongeza neno ambalo hakufundishwa, kaka mkubwa. Edward amepiga goti, kimya, anauliza bila kugeuka, leseni ulipata lini? Mkeo aliondoka lini? Swali moja la mwisho, Nina na mbwa wako wapi? Na yule baba badala ya kulia anasema nawachukia watoto wenye akili za haraka kama wewe. Miwani inang'aa huwezi kuona macho. Mchoraji amemnyima macho, jamani, hakutaka hata tutafute kama mle ndani kuna mtu.

Hakuna pambano. Edward anampiga ngumi mpaka anazuiliwa na mdogo wake, na zile ngumi hazina utamu wowote, Tucker hajitetei, anacheka tu, damu inatoka, anasema sisi ni wamoja. Baadae anakuja kuuliwa na jamaa anaitwa Scar (sio simba, Scar mwingine, hili jina lina kazi nyingi) na hata pale hupati kupumua, kwasababu anamuua na Nina, hakuna namna ya kumrudisha. Nilikua nimekaa geto na washkaji wanne, wanaume wazima, umeme upo, bando lipo, hakuna aliyebonyeza episodi ya tano.

Tenryubito wa One Piece, wale mabwanyenye wa dunia ile wanaojiona juu ya watu wote, ni kundi zima. Mwandishi wake Oda aliianza ile hadithi 1997 na ana maadui wa kila aina, wengi wao watu wanavaa tisheti zao, ila hawa hakuna tisheti. Wanatembea na kiputo kimefunika kichwa ili wasivute hewa moja na sisi, wanapanda mgongoni kwa watu kama punda, na ukimgusa mmoja wao jeshi la majini linatuma mkubwa kabisa aje akumalize. Anayeitwa Charlos amechorwa kamasi inamtoka. Kwenye mnada wa watumwa wa Sabaody anapandisha mkono anataja milioni 500 kumnunua Camie, msichana samaki, na ukumbi unakua kimya, hakuna wa kupanda juu yake. Af anampiga risasi Hachi aliyekuja kumwokoa Camie na anaanza kucheza kwa furaha, nimempata bure, nimempata bure. Bure! Mtu yuko chini anavuja damu na mwenzie anafurahia punguzo la bei.

Nimeshasimama Mkunazini pale Unguja, lile kanisa la Anglikana limejengwa palipokua soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru wanakuonyesha wanakuambia hapa ndo palikua na mti wa kuchapia. Unatoka pale unaenda kununua urojo na urojo haupandi. Kwahiyo Luffy, steringi wa One Piece, alivyoanza kupanda zile ngazi za ukumbi, taratibu, kofia usoni, Hachi anamshika anamwambia usifanye uliahidi, mi nilikua nimesimama juu ya kitanda. Ngumi ilikua moja tu. Haikua pambano, hawakumpa Charlos heshima ya kurudisha hata kofi, amepaa amepita kwenye viti amelala. Ndo ngumi tamu kuliko zote nilizowahi kuona kwenye katuni na sitaki ubishi.

Siku hizi kumekua na ugonjwa wa kila adui kutengenezewa utoto mbaya, alionewa, alikatwa mbawa, mama yake alisukumwa kwenye jabali. Hata Tremaine kwenye ile muvi ya watu wa kweli ya 2015 alipewa nafasi ya kujieleza, nikaona eeh, chai imepoa. Ndo maana nilimpenda yule adui Jack Horner wa Puss in Boots ya 2022, kuna kadudu kapo begani kwake kanatafuta wema wake muvi nzima, kanamuuliza utoto wako ulikuaje, nae anasema nilikua na wazazi wanaonipenda, nyumba nzuri, mali. Kadudu kenyewe kakakata tamaa.

Basi turudi Tabata. Muvi ikafika mwisho, kiatu cha kioo kimekuja na mjumbe wa mfalme, mama anachomeka fimbo yake miguuni kwa yule mtumishi, kiatu kinapasuka vipande, na Cinderella anatoa mfukoni kile cha pili. Sura ya mama pale! Ndo mara ya kwanza muvi nzima uso unamponyoka. Harusi, kengele, mwisho.

Kidoti akanigeukia. "Anko, na yule mama wamemfanyaje?"

Nikafikiria. Kwenye ile ya 1950 hawamfanyi kitu. Hakamatwi, haanguki kwenye jabali, hali kiapo, ile sura ya mshangao ndo adhabu yake yote. Nikamwambia, "Hawajamfanya kitu. Amebaki kwake."

"Na ufunguo?"

"Anao."

Hakusema kitu. Dada wa kazi alikua amesimama mlangoni muda wote ule na tambara la kudekia mkononi, nilikua sijamuona, ana kama miaka kumi na saba hivi, na mdogo wangu akamwita toka jikoni, sauti nzuri kabisa haina ubaya, "Dada, ukimaliza hapo ndo uanze zile nguo, af kama mvua ikikatika mapema utaenda huko kanisani." Nikasikia. Sikusema kitu, mi mgeni.

Asubuhi yake mdogo wangu ananipigia simu anacheka, ametafuta ufunguo wa chumba cha dada nyumba nzima, kaupata kwenye begi la shule la Kidoti, ndani ya kopo la penseli. Nikamuuliza umemuuliza kwanini kauweka humo? Akasema amemuuliza. Kicheko kikapungua kidogo.

"Eti ili mama asimfungie."

Tukakaa kwenye simu wote wawili kimya, nasikia kijiko chake kinakoroga chai.